Kwa Nini Nawaandikia Vijana

Mwezi uliopita nilikuwa mashineni nikingoja zamu yangu ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikatoa daftari langu kikapuni, nikaketi juu ya gunia la mtama, nikaanza kuandika. Kijana mmoja, kazi yake kubeba watu kwa pikipiki, akasogea akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akalitazama daftari, akauliza, "Bado unaandika zile hadithi za vijana?" Nikasema ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza tena, "Sasa, Mwalimu, katika hizo unapata nini?"

Watu wa foleni wakacheka, nami nikacheka. Nilitaka kumjibu, lakini papo hapo umeme ukarudi, mashine ikaanza kunguruma, na penye mashine hakuna mazungumzo. Nikarudi nyumbani na unga wangu bila kumjibu. Basi swali lake nimekaa nalo majuma haya yote. Leo naomba nafasi katika gazeti hili nimjibu yeye, pamoja na kila mtu anayejiuliza kwa nini mzee mwenye mvi akae akitunga habari za wavulana na wasichana wa miaka 14 au 15.

Nianze na fedha, maana nadhani ndizo alizoziulizia. Tangu nilipostaafu ualimu nimechapishiwa vitabu vidogo viwili. Malipo yake yote yalinunua baiskeli moja, nayo si mpya. Hadithi nyingine zote zimo katika madaftari, nazo husomwa Jumamosi alasiri chini ya mkwaju ulio karibu na kigango chetu, wakati vijana wamekwisha teka maji na ng'ombe bado hawajarudi. Hapo hakuna kiingilio. Anayekuja huleta masikio yake tu.

Tena wako waliopata pungufu ya baiskeli. Mkumbukeni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alitaka vijana wa kisiwa chake wajue jinsi wazee wao walivyoishi, walivyooana, walivyolima na kutibiana. Hakupata wa kukichapa. Mzee hakukata tamaa; akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikaja kuchapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kati ya kumaliza na kuchapwa ilipita miaka 35. Mtu anayengoja hivyo hakufuata fedha. Alikuwa na furaha nyingine, iliyomtosha alipokuwa bado anaandika.

Basi furaha hiyo ni ipi? Mimi nimeiona ya namna tatu, na ya tatu ina uchungu ndani yake.

Ya kwanza ni hii: anayewaandikia vijana hupewa ruhusa ya kuwa kijana tena.

Marehemu baba yangu alisoma shule ya kati zama za Waingereza. Huko alikutana na kitabu kiitwacho Kisiwa chenye Hazina, ambacho Frederick Johnson alikifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1929. Nilipozaliwa mimi baba hakuwa nacho tena kitabu chenyewe, lakini hadithi alikuwa nayo yote kichwani. Jioni, baada ya ugali wa mtama na mlenda, alitusimulia. Lakini baba hakuwahi kuiona bahari. Kwa hiyo bahari ya hadithi yake ilikuwa mbuga yetu ya Wembere wakati wa masika, maji yakienea mpaka macho yanachoka, na mlima wa Sekenke ukionekana ng'ambo kama kisiwa. Yule mvulana Jim, ambaye kitabuni anajificha katika pipa la matofaa na kusikia maharamia wakipanga ubaya wao, kwa baba alijificha katika kihenge. Nasi tuliamini kabisa, hata mdogo wangu alikataa kupita karibu na kihenge chetu usiku.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua jinsi kitabu kile kilivyozaliwa. Mwaka 1881 mwandishi wake, Robert Louis Stevenson, alikuwa Scotland pamoja na jamaa zake, na mvua ikawafungia ndani ya nyumba. Alikuwapo mwana wa mkewe, jina lake Lloyd, kijana wa miaka 13, aliyekuwa akijipumbaza kwa rangi na karatasi. Stevenson akaketi naye wakachora, na katika kuchora akatoa ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani. Alipoitazama ramani ile, watu wakaanza kuonekana ndani yake. Akaandika sura moja kila siku, kwa muda wa siku 15, na kila siku aliwasomea watu wa nyumbani aliyoandika. Baba yake, mzee mhandisi aliyejenga minara ya taa ya baharini, akanaswa na hadithi kama mtoto. Ilipofika mahali pa kufungua sanduku la nahodha mzee, babu huyo alishinda karibu siku nzima akiandika orodha ya vitu vinavyofaa kuwamo, na mwanawe akaifuata. Halafu kalamu ikakwama katika sura ya 16. Stevenson alikuja kumaliza baadaye huko Uswisi. Hadithi ikatoka kidogo kidogo katika gazeti la vijana la kila juma, kisha mwaka 1883 ikawa kitabu.

Naipenda habari hiyo kwa ajili ya yule mzee na orodha yake. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kazi kubwa, lakini siku ile aliketi akihesabu vitu vya sanduku la mharamia, wala hakuona haya. Nami ndivyo ninavyokuwa. Nikiandika kisa cha mtoto anayechunga, siku hiyo magoti hayaniumi. Nawahesabu tena ng'ombe wa baba mmoja mmoja kwa rangi zao, natafuta matunda ya porini, nachelewa kurudi, naogopa fimbo. Mke wangu akiniita kula siitiki, naye huwaambia wageni, "Mwacheni, leo yuko machungani."

Furaha ya pili ni kwamba kijana hakuonei haya. Mtu mzima akisoma hadithi mbaya atasema, "Asante, Mwalimu, imetufundisha mengi," kisha atakwenda zake. Kijana akichoka huanza kuchimba udongo kwa kidole cha mguu. Nikiona vidole vya miguu vimeanza kuchimba, najua ukurasa huo ni wa kufutwa.

Mwaka mmoja nilitunga kisa cha mvulana aliyechaguliwa kwenda sekondari. Baba yake hana kitu ila shamba la pamba. Nilitaka mvulana afike shuleni mwezi wa Januari akiwa na sare, viatu, godoro na sanduku lake. Basi nikaandika kwamba mwezi wa Desemba waliuza pamba, fedha zikapatikana. Niliposoma hapo, mtoto mmoja wa darasa la sita akanyosha mkono. "Mwalimu, Desemba pamba tunapanda. Kuuza ni Juni au Julai. Huyu fedha kapata wapi?"

Wenzake wakapiga kelele za kumwunga mkono. Mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, niliyeshika jembe la palizi kabla sijajua kusoma, nilikuwa nimeisahau kalenda ya shamba kwa sababu nilitaka hadithi yangu iende haraka! Nikaenda nyumbani na swali lile. Nikaligeuza hivi na hivi, hata nikaona kwamba hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Shule inafunguliwa Januari, pamba inauzwa katikati ya mwaka, na miezi iliyo kati ndiyo miezi ya taabu. Hapo ndipo baba anapokopa, ndipo ng'ombe anapouzwa kwa bei ya kutupa, ndipo mtoto anapotumwa kwa shangazi kuomba viatu vya binamu yake. Nilifuta kurasa nane, nikaandika upya. Hicho ndicho kimoja cha vitabu vyangu viwili vilivyochapwa, na sehemu nzuri ndani yake ni ya yule mtoto wa darasa la sita.

Furaha ya tatu ndiyo kubwa, nayo nitaieleza taratibu. Kijana ni mtu aliye njiani.

Wazee wetu Wanyamwezi walijua jambo hili kabla ya vitabu. Zama za misafara, katika karne ya 19, njia kuu ya kutoka Bagamoyo ilipita kusini ya kwetu, ikaja Tura, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Vijana wa Unyamwezi walikwenda pwani kwa upagazi. Mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mwendo ni wa miezi mitatu au zaidi. Hawakufuata nguo na ujira peke yake. Kijana asiyewahi kufika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto, na hata kupata mchumba ilikuwa taabu kwake. Babu yangu, aliyezisikia habari hizo kwa wakubwa wake, alikuwa akitusimulia. Nami niliona kwamba hakukawia katika kuondoka wala katika kurudi. Alikawia njiani, katika lile pori kavu la Mgunda Mkali: maji yalipokwisha, nani alitupa mzigo akakimbia, na nani alimbebea mwenzake.

Hadithi ya vijana ni hiyo hiyo. Ukiandika juu ya mzee, njia zake nyingi amekwisha zipita. Unaeleza tu kwa nini alishika hii akaacha ile. Lakini mtoto wa miaka 15 bado yuko Mgunda Mkali, mzigo kichwani, hajajua kama atafika. Naye msomaji wako yuko pale pale, ana mzigo wake mwenyewe. Hapo mwandishi anafurahi kuliko mahali pengine po pote, maana neno lake linaweza kumwonyesha mtu kisima. Lakini inampasa aogope pia, kwa kuwa anaweza kumwambia mtu kwamba mbele hakuna maji, na kumbe maji yapo.

Mimi niliwahi kusema hakuna maji. Nitaeleza, ijapokuwa habari hii hainipi sifa.

Katikati ya mwaka 2021 nilitunga kisa cha msichana niliyemwita Milembe. Akiwa kidato cha pili anapata mimba, anafukuzwa shule, anakimbilia mjini, anaharibikiwa, anakufa. Nilidhani nimeandika kwa ushujaa. Nilikuwa nikimwaza marehemu Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, aliyesoma seminari, ambaye kitabu chake Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971 yeye mwenyewe akiwa bado kijana. Rosa ana baba mkali mno, na mwisho wake binti huyo anajiua. Kitabu kile kilizuiwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikaja kufundishwa humo humo mashuleni. Nikajiambia kwamba nami naweza kusema ukweli mchungu. Lakini sikuona tofauti. Kezilahabi alionyesha jinsi wakubwa walivyomsukuma binti mpaka ukingoni, hata msomaji aliye mzazi akajiuliza juu ya mikono yake mwenyewe. Mimi sikuonyesha mkono wa mtu ye yote. Nilimwua Milembe ili wasichana waogope, basi.

Nilipomaliza kusoma, chini ya mkwaju kukawa kimya. Nikadhani nimefaulu. Msichana mmoja mwembamba, hodari wa hesabu, akasimama. "Mwalimu, mbona umemfungia mlango?" Nikamjibu kiualimu, "Ndivyo utaratibu ulivyo, mwanangu. Ndivyo mambo yalivyo." Akasema, "Lakini hadithi ni yako." Akaketi. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Jirani ndiye aliyekuja kuniambia kwamba dada wa msichana yule alitoka shule mwaka uliotangulia kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba yuko nyumbani analea mtoto. Usiku ule sikulala vizuri. Wala haikuwa kwa ajili ya mabinti wale wawili tu. Nilimkumbuka mwingine.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule fulani. Msichana mmoja akaonekana ana mimba. Amri ilijulikana, na hapana aliyeniuliza maoni yangu. Daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake. Mstari ulinyoka vizuri, kwa kuwa nilipenda kazi safi. Naye alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, madaftari yangu niyachukue?" Nikasema, "Yachukue." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Sikumwuliza atakwenda wapi. Sikumwuliza ni nani aliyemfanyia hayo. Na miaka 27 baadaye nikamwita Milembe, nikampigia mstari ule ule kwa mara ya pili, safari hii mbele ya watoto.

Basi nikaanza kuandika upya. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya uzazi wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Nilifurahi, na kusema kweli nilifurahi kivivu pia, maana niliona Serikali imenimalizia hadithi. Nikaandika mbio mbio: barua ikafika kijijini, Milembe akarudi darasani, akashinda mtihani, mwisho. Yule msichana wa hesabu alipoonekana tena, nikampa daftari akasome nyumbani.

Daftari lilirudi baada ya majuma matatu, lina doa la uji kwenye jalada. Katika ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko nisioujua, palikuwa na mistari michache ya penseli: "Mwalimu, umemrudisha haraka. Mtoto amemwachia nani? Ikifika saa nne maziwa yatamjia, shati litalowa. Wavulana watacheka. Ataomba ruhusa kwa mwalimu gani?"

Niliisoma mistari ile mara tatu, kisha nikampa mke wangu. Akaisoma, akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Baba, watoto sita wamenyonya katika nyumba hii, nawe hukulijua hilo?" Nililijua, lakini sikuliwaza. Nilikuwa nimemrudisha Milembe shuleni kama mtu anavyokirudisha kiti mahali pake.

Ilinichukua mwaka mzima. Katika hadithi ya sasa Milembe harudi kwa barua peke yake. Anarudi kwa kuwa mama yake, baada ya kununa miezi mingi, anamwambia siku moja, "Mwache mtoto kwangu." Anakwenda na kitambaa kilichokunjwa mara mbili ndani ya shati. Siku ya kwanza wavulana wanacheka kweli. Siku ya pili mwalimu mmoja wa kike anampa ufunguo wa chumba cha nyuma, bila kusema neno. Mtihani wa kwanza anaanguka katika hesabu. Na yule mwanaume, ambaye katika hadithi ya kwanza sikumpa hata mstari mmoja, sasa yumo, na inampasa kujibu. Mwisho wake si harusi wala si msiba. Mwisho wake ni asubuhi: Milembe yuko njiani kwenda shule, amechelewa, anatembea haraka.

Yule dada alirudi shule mwaka 2022. Msidhani nasema kwamba hadithi ndiyo iliyomrudisha. Mama yake aliuza mbuzi wawili, na bibi yao akakubali kulea kitoto. Hadithi haiuzi mbuzi. Lakini siku nilipoisoma hadithi yote chini ya mkwaju, dada huyo alikuja, mtoto mgongoni, akaketi nyuma kabisa. Nilipofika kwenye habari za kitambaa sikuinua macho. Nilisikia tu kicheko kidogo kutoka nyuma, kicheko cha mtu aliyekiona kitu chake katika nyumba ya mwingine.

Hicho ndicho ninachopata. Yule wa mwaka 1994 siwezi kumrudisha darasani. Kama yu hai, amekwisha kuwa mama mtu mzima, labda ana wajukuu, na mstari wangu mwekundu haufutiki. Lakini hawa wanaoketi chini ya mkwaju bado hawajapigiwa mstari. Nikiandika, nasimama tena pale mlangoni, nami sasa nauliza lile swali nililoacha kuuliza. Hakuna kazi nyingine inayonipa nafasi hiyo, wala sikuipata katika miaka yote niliyoshika chaki.

Wazazi wenzangu, ninalo neno moja kwenu. Vitabu vya vijana kwa Kiswahili vipo kuliko zamani. Mwaka 1991 ulianzishwa hata Mradi wa Vitabu vya Watoto kuwasaidia waandishi na wachapishaji wa nchi yetu, na vingine vya vitabu hivyo vimefika mpaka shule za vijijini. Ukimkuta mtoto wako ameinama juu ya kitabu cha hadithi, usiseme haraka kwamba anapoteza wakati. Kuni zitakatwa. Mwulize kwanza, "Huyo mtu amefika wapi?" Halafu mwulize, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Kisha nyamaza, umsikilize. Mara nyingi atakuambia habari za mtu wa kitabuni, na katikati yake utasikia habari zake mwenyewe, ambazo asingekuambia kama ungemwuliza waziwazi. Mimi nimejua mambo mengi ya wajukuu wangu kwa njia hiyo, na mengine nilishukuru kwamba niliyajua mapema.

Na wewe, kijana wangu wa pikipiki, jibu lako ndilo hilo, ijapokuwa ni refu kuliko swali. Sasa nina haja nawe. Kisa ninachoandika siku hizi ni cha mvulana aliyeacha shule akapewa pikipiki ya mtu aendeshe. Nimemwandika kwamba kila jioni anampelekea tajiri wake hesabu ya siku, na kinachobaki anakula na kuweka akiba ya kununua pikipiki yake. Lakini nimeogopa kuandika kiasi, nikikumbuka ile pamba ya Desemba. Ikinyesha kutwa nzima na abiria hawapo, hesabu anaipata wapi? Tajiri husamehe, au huandika deni? Njoo Jumamosi chini ya mkwaju unisahihishe. Daftari ninalo, na kurasa za nyuma nimeziacha tupu.